Kicheko cha Mfanyakazi Si Kasumba

Wapo miongoni mwetu, sisi tunaojishughulisha na mambo ya utamaduni, watu wasioweza kumwona mwananchi anacheka mbele ya televisheni bila kumwandikia hukumu. Akitazama ngoma, huridhika. Akitazama mchezo wa kuigiza unaomfundisha kuchimba choo, humpongeza. Lakini mwananchi huyo akikaa nyumbani kwake jioni akatazama mchezo mwepesi wa mapenzi, wa kijana aliyemdanganya mchumba kuwa ana gari na sasa anahangaika kutafuta la kuazima, hapo husikika kelele: kasumba, uvivu, kuiga ugeni! Sisi twasema kelele hizo si za haki. Tena twasema kuwa wenye kuzipiga wanamshitaki asiye na kosa ili lao lisitazamwe.

Na tumtazame kwanza huyo mshitakiwa. Yuko Mgololo, wilayani Mufindi, katika Mkoa wa Iringa, penye kiwanda cha karatasi kilichojengwa na Serikali na kuanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kikitegemea misindano na milingoti ya Shamba la Miti la Sao Hill. Kiwanda hicho kilipata kusimama kwa miaka kadhaa, kisha kikaingia mikononi mwa mwenye mtaji binafsi, na leo chaitwa Mufindi Paper Mills. Mitambo ya karatasi hailali. Watu ndio hupokezana kwa zamu. Mtu aliyesimama muda wote wa zamu yake katika ngurumo na joto la mitambo, au aliyeshinda msituni na msumeno, harudi nyumbani na njaa ya hotuba. Nje kuna ukungu. Kilabu cha ulanzi kiko wazi, na katika kibanda umiza inaonyeshwa picha ambayo watu wanakatana mapanga tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye amevipita vyote viwili. Amekaa na mkewe, na pengine na mama mkwe aliyekuja kumwona mjukuu, wamechomeka flashi iliyojazwa sinema kwa fundi wa sokoni, na wanacheka pamoja. Tuonyesheni kosa lake.

Watasema: kosa ni ugeni. Vema. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kwa jina la Dou Dou na Mama Wakwe Zake. Ni hadithi nyepesi ya bibi arusi kijana aliyejikuta ana mama wakwe zaidi ya mmoja wa kuwaridhisha. Hapakuwa na vita ndani yake, wala mhadhara. Watu waliipenda kwa sababu mama mkwe wanamjua. Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, hakuitaja reli ya TAZARA peke yake, reli ambayo babu zetu na babu zao waliijenga kwa jasho. Aliitaja pia tamthilia hiyo. Na tutafakari. Taifa kubwa, lenye viwanda na majeshi, halikuona haya kuutaja mchezo wa mapenzi na mama wakwe mbele ya wenyeji wake kuwa ni sehemu ya uhusiano wa mataifa mawili. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ikaendesha hapa kwetu shindano la kutafuta sauti nzuri za Kiswahili za kutiwa katika tamthilia zao, na waliofaulu wakaenda Beijing. Sauti zetu zilisafiri. Hadithi zetu zilibaki nyumbani zikisubiri kibali cha wakubwa wa utamaduni.

Basi ugeni huo umeletwa na nani? Mlaji hulaumiwaje kwa chakula cha jirani, na jikoni kwake mpishi kagoma kuwasha moto?

Watasema tena: mchezo wa namna hiyo ni mwepesi mno, haujengi taifa. Hoja hii ndiyo inayotuudhi zaidi, maana inatoka kwa watu wanaopaswa kuyajua ya nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika sinema iliyoitwa Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, na ambaye taifa zima lilimwita Simba wa Vita. Uigizaji haukumpunguzia hata unywele mmoja wa heshima. Na mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, mwenye nchi nzima mabegani, alitoa tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kumwona bepari tu ndani ya kitabu kile, kana kwamba kurasa nyingine zilikuwa tupu. Lakini Shakespeare aliuandika mchezo ule kuwa wa kuchekesha. Mna wachumba wanaobahatisha sanduku la dhahabu, la fedha na la risasi ili wampate Portia, na mna wake wawili wanaojigeuza wanaume, kisha wanawasumbua waume zao kwa habari ya pete. Ni mchezo wa mapenzi, ndugu zetu! Mwalimu aliona Kiswahili chastahili kuubeba.

Wala hatuhitaji kwenda Venisi. Wazee wetu walikusanyika kando ya redio kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, wakacheka mpaka machozi, na asubuhi mashamba yakalimwa.

Sasa tuliseme lile lisilotazamwa. Tangu Shirika la Filamu Tanzania lilipoundwa mwaka 1968, sisi tuliokabidhiwa utamaduni tumeipa sanaa kazi moja tu ya ualimu. Hata Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ambayo ni filamu nzuri na hatuikatai, ilibidi kubeba somo la hospitali na mganga. Baadaye wakaja wafadhili na fedha zao, na kila mchezo ukamalizika kwa onyo la ugonjwa. Mafunzo hayo yalihitajika; hatuna ugomvi nayo. Lakini mapenzi yenye furaha, ya watu wazima wenye heshima zao wanaogombana kwa sababu ya chumvi na kupatana kabla ya kulala, hayo tuliyaacha bila mwenyewe.

Wafanyabiashara waliyaokota. Katika filamu nyingi zilizofuata, tena zenye majina ya Kiingereza ingawa wasemaji ni Waswahili, mapenzi yanakaa katika jumba la Dar es Salaam lenye kochi la ngozi na magari mawili uani, na mara nyingi yanaishia katika kilio. Marehemu King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alituchekesha kuliko wote, naye peke yake asingeweza kuziba pengo lote. Kasumba tunayoiogopa iko hapa. Binti wa Mgololo ametazama filamu mia, na hajaona hata moja ambayo watu wanapendana katika nyumba kama ya baba yake, yenye jiko la mkaa mlangoni na koti la kiwandani msumarini. Taratibu anaanza kuamini kuwa nyumba ya namna hiyo haina mapenzi. Lawama hiyo haimfikii aliyewasha televisheni. Yatufikia sisi tusioandika, tusiochapisha na tusiotenga fedha.

Na tusidai kuwa hadithi hazipo. Kijana wa zamu ya usiku amemchumbia msichana wa zamu ya mchana, nao hukutana getini tu, dakika chache, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Mshenga aliyetumwa kwa wazazi kalewa ulanzi njiani, akabisha hodi nyumba siyo, akapokewa kwa “Kamwene” nyingi na kupewa kiti, na mahari ikajadiliwa mpaka usiku kwa binti asiyehusika, aliyekuwa jikoni akisikiliza yote na ambaye, kwa bahati mbaya, amekwisha kukubali. Hapo ndipo tungetaka mwandishi wa Kiswahili aketi na kuanza kuandika. Na karatasi haitampa shida, maana ipo ya kwao Mgololo. Ikiwa ni ile ngumu ya mifuko, na aandike hiyo hiyo.