Walioshindwa Wakabaki Pamoja



Wapendwa waamini, tafakari yetu ya juma hili inatoka mahali ambapo wengi wenu hamkutazamia. Vijana wetu wanapafahamu vizuri; wazazi husikia jina tu likitajwa sebuleni, kisha mlango wa chumba unafungwa. Jina lenyewe ni fupi: T1. Ni klabu ya Korea ya Kusini ambayo wachezaji wake hulipwa mshahara kwa kucheza michezo ya kompyuta mbele ya watazamaji, kama vile wengine wanavyolipwa kwa kucheza kandanda.

Tunajua baadhi ya wazee watauliza padre ana haja gani na mambo hayo. Haja tunayo. Agosti 2027 vijana wa Kanisa zima wamealikwa Seoul kwa Siku ya Vijana Duniani, na Seoul ndiyo makao ya klabu hii. Tena tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu kijana Carlo Acutis, ambaye alipenda michezo ya video na, kama inavyosimuliwa, alijiwekea kiasi cha saa moja tu kwa juma. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, tangu karne ya 13, alifundisha kwamba mchezo wenye kiasi ni pumziko halali la roho iliyochoka. Basi hatuna sababu ya kusema kwamba mchezo wenyewe ni uchafu. Kiasi ndicho kinachotupa shida, na juu ya hilo tumekwisha kuhubiri mara nyingi kiasi cha kuwachosha. Leo tunataka kusema jambo jingine, yaani kubaki pamoja baada ya kushindwa.

Klabu hii ilianza na mchezo uitwao StarCraft, vita ya kubuni ambamo mtu mmoja hupambana na mwenzake kwa kujenga majeshi na kuyapeleka vitani kwa wepesi wa akili na wa vidole. Nyota wake wa kwanza alikuwa Lim Yo-hwan, kijana aliyependwa Korea kama mwimbaji mashuhuri. Mwaka 2004 kampuni ya simu ya SK Telecom iliichukua timu yake, ikaipa jina na fedha. Mwaka huohuo fainali ya ligi ilichezwa katika ufuko wa Gwangalli mjini Busan, na waandishi wa siku zile waliukadiria umati kuwa watu 100,000. Hapo SK Telecom walishindwa. Mwaka uliofuata walirudi ufukoni hapo kupambana na timu ya kampuni pinzani ya simu, KTF, na safari hii walishinda. Mlikumbuke jina hilo la KTF, maana tutalikuta tena.

Lakini michezo ya namna hii huzeeka upesi. Kandanda tuliyoikuta ndiyo tutakayoiacha. Mchezo wa kompyuta una mwenye mali, una toleo jipya, na una siku ya kufa. Oktoba 2016 ligi ile ya StarCraft ilifungwa baada ya miaka 13, na klabu ikavunja kikosi chake cha mchezo huo. Vijana waliokuwa wametoa ujana wao wote kwa ustadi mmoja waliamka wakakuta hakuna ligi ya kuuonyesha. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya taji lenye kuharibika, naye alikuwa na mawazo juu ya majani tu. Sijui angeandika nini juu ya taji ambalo hata uwanja wake unaweza kuzimwa.

Klabu iliendelea kwa sababu ilikuwa imekwisha kuingia katika mchezo mwingine, League of Legends, ambamo watu watano hupambana na watano, kila mmoja akiwa na nafasi yake na kazi yake. Mwaka 2013 walimpata kijana wa miaka 16, Lee Sang-hyeok, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Faker. Mwaka huohuo walitwaa ubingwa wa dunia mjini Los Angeles. Mwaka 2014 hawakufuzu hata kushiriki. Wakashinda tena mwaka 2015 mjini Berlin na mwaka 2016 mjini Los Angeles, kisha mwaka 2017, katika uwanja mkubwa wa taifa wa Beijing, wakapigwa 3 kwa 0 na timu ya Samsung. Picha ya Faker akiwa ameinama juu ya meza yake, analia asiweze kusimama, ilizunguka dunia nzima.

Yaliyofuata yanatuhusu zaidi kuliko vikombe vile. Mwaka 2018 mambo yaliharibika kabisa, nayo klabu ikafanya kile ambacho wenye fedha hufanya: mwisho wa mwaka iliagana na karibu kikosi chote, ikambakiza Faker, ikanunua majina makubwa. Watu waliita ile timu ya ndoto. Mwaka 2019 ilitwaa vikombe vyote viwili vya ligi ya Korea, kisha ikaanguka katika nusu fainali ya dunia mjini Madrid. Haikuwa timu mbaya, wala hatuwadharau waliokuwamo. Lakini baada ya mwaka mmoja ilikwisha kutawanyika, na mwaka 2020 klabu haikufika kabisa kwenye mashindano ya dunia.

Ndipo wakageukia watoto wao wenyewe. Vijana watatu waliokuwa wakifundishwa ndani ya klabu, wajulikanao kwa majina ya mchezo Zeus, Oner na Gumayusi, walipandishwa. Akaongezwa Keria, aliyetoka timu iitwayo DRX. Wote wanne walikuwa na umri kati ya miaka 17 na 19 walipoanza msimu wa 2022 pamoja na Faker. Katika majira ya kuchipua ya mwaka huo walicheza michezo 18 ya ligi na kushinda yote 18, jambo ambalo ligi ya Korea haikuwahi kuliona, wakatwaa na kombe.

Kisha wakaanza kushindwa. Tafadhali hesabuni pamoja nasi. Mei 2022, fainali ya kimataifa mjini Busan, nyumbani kwao: wakashindwa. Agosti, fainali ya ligi: wakashindwa. Novemba, fainali ya dunia mjini San Francisco: wakashindwa 3 kwa 2. Aprili 2023, fainali ya ligi: wakashindwa. Agosti 2023, fainali ya ligi tena: wakashindwa. Fainali tano mfululizo, na kila mara walitazama wengine wakinyanyua kombe hatua chache mbele yao.

Fainali ya San Francisco ina uchungu wake wa pekee. Waliowashinda walikuwa DRX, timu ile ile aliyotoka Keria, ambayo iliingia mashindanoni kupitia mlango wa mwisho kabisa wa mchujo. Ndani yake alikuwamo Deft, aliyesoma shule moja ya sekondari na Faker, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilitafuta kombe hilo bila kulipata. Deft alilia kwa furaha. Keria alilia kwa huzuni, tena kilio cha mtu asiyejali kamera. Ukweli ni kwamba hata anayewapenda T1 ilikuwa vigumu siku ile kumwonea Deft kijicho.

Sasa tazameni kilichotokea baadaye. Mabingwa walitawanyika. Kabla msimu mpya haujaanza, mmoja tu kati ya wachezaji watano wa DRX ndiye aliyesalia. Wengine walikwenda kwenye klabu nyingine, kila mmoja na mkataba wake. Na walioshindwa, ambao kila mwenye akili ya biashara angewashauri waachane, walibaki wote watano. Faker mwenyewe, habari zilivyoripoti, aliletewa ahadi ya fedha nyingi mno kutoka China, akasaini kubaki.

Si kwamba kubaki kuliwapa tuzo mara moja. Fainali mbili kati ya zile tano walizipoteza baada ya uamuzi huo. Katikati ya mwaka 2023 Faker aliumia mkono akakaa nje kwa majuma kadhaa, na timu bila yeye ilipoteza karibu kila mchezo. Magazeti yalikuwa na haki ya kuuliza kama kikosi hiki kimefika mwisho. Novemba 19, 2023, mjini Seoul, watano wale wale waliwafunga Weibo Gaming wa China 3 kwa 0 na kuwa mabingwa wa dunia. Mwaka 2024, mjini London, watano wale wale tena, wakitoka nyuma dhidi ya Bilibili Gaming, walishinda 3 kwa 2.

Ndugu zetu, tunaandika haya tukifikiria kwaya zetu, VIWAWA wetu, na jumuiya zetu ndogo ndogo. Ni mara ngapi kwaya imekosa nafasi katika mashindano ya dekania, na kabla ya mwezi kwisha imezaa kwaya mbili, kila moja na sare yake na mwalimu wake? Ni mara ngapi halmashauri imeshindwa kukamilisha ujenzi wa kigango, na badala ya kukaa kuhesabu matofali ikakaa kuhesabu wa kumtoa? Sisi mapadre nasi tunayo namna yetu: tunaandika barua kwa Askofu. Tumezoea kudhani kwamba kushindwa ni ushahidi kuwa tulikusanyika watu wasiofaa. Vijana wale wa Seoul walikuwa na kila sababu ya kudhani hivyo mara tano, tena mbele ya mamilioni, na kwa bei kubwa sokoni kwa kila atakayeondoka.

Kuna atakayetujibu kwamba tunaipaka klabu ya biashara mafuta isiyostahili. Jibu lake lina uzito. T1 si jumuiya ya kitawa. Mwaka 2019 ilifanywa kampuni ya ubia kati ya SK Telecom na kampuni ya Kimarekani, ina vikosi katika michezo kadhaa, hufungua na kufunga vikosi hivyo kadiri faida inavyoelekeza, ingawa na humo hupata sifa, kama Machi 2025 kikosi chake cha mchezo wa VALORANT kilipotwaa kombe la kimataifa mjini Bangkok. Nyuma ya kila Faker wapo vijana wengi walioacha masomo wakiifuata njia hiyo hiyo, ambao hakuna anayejua majina yao. Faker mwenyewe aliacha sekondari. Mzazi akija kwetu na mtoto anayetaka kufanya hivyo, tutamwambia mtoto amalize shule kwanza, wala hatutaona haya. Na mwaka 2010 ligi ya StarCraft ya Korea ilitikiswa na wachezaji waliouza michezo kwa wacheza kamari, wakafungiwa maisha. Fedha iliyo nyuma ya michezo hii si malaika.

Lakini tunalisema tulilolisema. Uamuzi wa kubaki haukuwa wa kampuni peke yake. Mkataba unahitaji saini mbili, na vijana wale walitia ya kwao wakiwa bado na macho mekundu.

Wala hatutaki kumdanganya mtu kwamba kubaki ni kubaki milele. Novemba 2024 Zeus aliondoka kwenda klabu nyingine. Mwanzoni mwa 2025 Gumayusi aliwekwa benchi, na kijana mdogo kuliko yeye akaketi kwenye kiti chake. Alirudishwa baadaye, na Novemba 9, 2025, mjini Chengdu, T1 ilipotwaa ubingwa wa dunia wa sita, wa tatu mfululizo, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Kisha naye akaaga. Mtu aweza kuondoka vizuri, baada ya kumaliza kazi aliyoitiwa. Tofauti na yule anayeondoka kwa kuwa matokeo yamemwaibisha ni kubwa, na sisi tunaoitwa kusuluhisha migogoro ya vikundi tunaijua kwa kuitazama sura ya mtu anapokabidhi funguo za ofisi.

Timu waliyoishinda siku hiyo huko Chengdu, 3 kwa 2, iliitwa KT Rolster. Ndiyo ile KTF ya ufuko wa Gwangalli, miaka 20 baadaye, kampuni ile ile ya simu, mchezo mwingine, na wachezaji ambao wakati ule walikuwa bado watoto. Faker, aliyekuwa na miaka tisa wakati wa ufuko, amesaini mkataba hadi mwaka 2029. Vijana wetu watakaojaliwa kwenda Seoul watamkuta bado yuko kazini.

Tunawatakieni Dominika njema.