Mbuzi kwenye gunia, mashua kwenye trela

Nchini Marekani mtu wa jimbo moja hununua mashua iliyokwisha tumika katika jimbo jingine, akaikokota kwa gari juu ya trela yake hadi nyumbani. Njiani hakuna forodha. Kinachomvuta ni bei nafuu. Lakini ni dhahiri kwamba bei hiyo haimwambii yote.

Tangu Novemba 1, 1972, mashua za starehe zinazotengenezwa au kuingizwa nchini humo hutakiwa ziwe na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, iliyowekwa tezini upande wa kulia. Nia ilikuwa njema: kila mashua ijulikane. Hata hivyo, namba haina faida kubwa pasipo na daftari la kuithibitisha. Baadhi ya majimbo hutoa hati ya umiliki wa mashua. Mengine husajili tu. Na kusajiliwa si kumilikiwa. Trela nayo ina namba yake na karatasi zake, mbali na za mashua.

Katika pengo hilo ndimo mjanja anamojipenyeza. Dhoruba ya Sandy ya Oktoba 2012 iliharibu maelfu ya mashua katika pwani ya mashariki. Mashua iliyozama katika maji ya chumvi huweza kupakwa rangi, ikavushwa hadi jimbo la mbali, na karatasi zake zisitamke neno. Mnunuzi huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dawa haikosekani. Mwaka 2011 tume inayotayarisha sheria za mfano kwa majimbo ilipitisha sheria ya hati za mashua, inayotaka hati ionyeshe iwapo mashua imepata madhara makubwa. Majimbo kadhaa yameipokea, mengine bado. Wapo wasemao kwamba hilo litaongeza gharama na kupunguza uhuru wa majimbo. Hoja hiyo haina uzito. Majimbo hayo hayo hutoa hati za magari, na uhuru wao haujapungua.

Kabla ya hilo kutimia, mnunuzi hana budi kujilinda. Asome namba ya mashua na ya trela kwa macho yake na kuzilinganisha na karatasi. Aulize ofisi ya jimbo la muuzaji kama kuna benki inayoidai mashua hiyo. Amlipe fundi asiyemjua muuzaji aikague. Fedha zitoke mwisho.

Lakini hadhari ya mtu mmoja haiwezi kuwa badala ya kazi ya serikali. Karani anayeandika namba sawasawa katika daftari humlinda mtu asiyemjua, katika jimbo ambalo huenda hatalifikia kamwe. Majimbo yaliyobaki yasingoje dhoruba nyingine ndipo yampe karani huyo daftari la kuandikia.