KADARI SI KISINGIZIO: SOMO LA BARAFU YA ANTAKTIKA



Ndugu zangu, kuna maneno ninayoyasikia sana: "Sheikh, hali ya hewa imebadilika tangu enzi na enzi. Ni kadari ya Mola, sisi tufanyeje?"

Kwamba imebadilika tangu zamani, ni kweli. Lakini kujivua dhamana kwa sababu hiyo si sawa.

Tazameni bara la Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia. Zamani lilikuwa na misitu. Visukuku vya miti vimekutwa huko. Na tayari lilikuwa huko huko kusini! Mbona basi likaganda?

Wakati ule lilikuwa limeungana na Australia na Amerika Kusini. Mabara yamebebwa na mabamba makubwa ya miamba, nayo husogea sentimita chache tu kwa mwaka, kama kucha inavyokua. Pole pole yakaachana, bahari ikapita katikati. Ndipo ukapatikana mkondo wa maji unaolizunguka Antaktika yote, ambao leo ndio wenye nguvu kuliko mikondo yote ya bahari, na hulikinga bara hilo na maji ya joto. Hewa ukaa nayo ikapungua angani. Kiasi cha miaka milioni 34 iliyopita, barafu ikatanda. Leo unene wake ni wastani wa karibu kilomita 2.

Subhanallah! Sasa zingatieni mambo mawili.

La kwanza: hata mabadiliko hayo ya kale yalikuwa na sababu. Mwenyezi Mungu amejaalia kila jambo na sababu yake, na kuamini kadari hakufuti sababu.

La pili: yale yalichukua mamilioni ya miaka. Lakini tangu viwanda vianze, hewa ukaa imepanda kutoka sehemu 280 katika kila milioni ya hewa hadi zaidi ya 420, katika muda usiofika miaka 300. Huo si mwendo wa mabamba. Ni mikono ya wanadamu: makaa ya mawe, mafuta, na misitu inayochomwa.

Utasema wachafuzi wakubwa ni mataifa tajiri. Naam, na hesabu yao ni nzito zaidi. Lakini hesabu ya jirani haifuti yako.

Kila mtu hufa kwa kadari. Je, umewahi kusikia muuaji akaachiwa na kadhi kwa kusema, "Watu wamekuwa wakifa tangu zamani"?

Wabillahi tawfiq.