Kicheki kwa Mwaka Mmoja

Wazazi wapenzi, mkisikia kijana amepata nafasi ya kusoma Ulaya, mnauliza habari ya nauli na ya baridi. Habari ya lugha hamuiulizi. Lakini kwa kijana aendaye Ucheki, lugha ndiyo mlango. Jamaa wanaweza kuuza migebuka msimu mzima kwa ajili ya nauli yake, naye akashindwa mtihani wa Kicheki, asipokewe chuoni.

Jambo hili si geni kwa Waafrika. Mwaka 1961 serikali ya Chekoslovakia ilifungua mjini Praha Chuo Kikuu cha 17 Novemba, hasa kwa wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kilifungwa mwaka 1974. Vijana wa Afrika Mashariki nao walikwenda nchi ile miaka hiyo. Kabla ya kugusa udaktari au uhandisi, mgeni alifundishwa Kicheki, kwa kawaida mwaka mmoja hivi. Leo nako, katika vyuo vikuu vya serikali, asomaye kwa Kicheki halipi karo, ajapokuwa mgeni. Asomaye kwa Kiingereza hulipa. Hesabuni wenyewe faida yake.

Ugumu upo, tusidanganyane. Sisi hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, Ki-PI-li. Mcheki hutia mkazo mwanzoni, naye atasema KI-pili. Sisi hupenda irabu. Wao wanayo sentensi nzima isiyo na irabu hata moja: Strč prst skrz krk, yaani “tia kidole kooni”. Tena kuna herufi ř, ambayo ulimi hutetemeka na hewa huvuma papo hapo. Hata watoto wao huchelewa kuiweza. Na jina la mji halitulii: Praha, lakini do Prahy ni “kwenda Praha”, na v Praze ni “mjini Praha”. Ila kwa hili Mswahili asiogope. Sisi twasema kiti kizuri, viti vizuri, maneno yakigeuka kichwa. Yao hugeuka mkia. Aliyezoea ngeli tangu utoto ana heri kuliko Mwingereza.

Kuna mtego mmoja wa kuchekesha. Ano maana yake “ndiyo”. Katika mazungumzo hulikata, wakasema no. Kijana aliyesoma Kiingereza hudhani amekataliwa, kumbe amekubaliwa!

Basi akiandika barua kwamba siku ya mapumziko alikwenda kutazama mji, msiseme anachezea fedha. Akaaye bwenini na wenzake wakiongea Kiswahili, Kicheki atakipata lini? Mjini atasoma vibao, atauliza njia, atanunua tiketi. Avuke daraja la mawe la Mfalme Karolo IV, lililoanzwa mwaka 1357; juu yake aone sanamu ya Mtakatifu Yohane Nepomuk, padre aliyetupwa katika mto Vltava mwaka 1393. Aingie kanisa la Mama Maria wa Ushindi. Humo imo sanamu ndogo ya nta ya Mtoto Yesu wa Praha, waliyopewa Wakarmeli mwaka 1628. Picha yake imetundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Wakatoliki duniani. Pengine imo na kwenu.

Halafu asimame mbele ya saa kubwa ya mwaka 1410. Watu hukusanyika kuona sanamu za Mitume zikipita madirishani kila saa ifikapo, lakini mimi ningemwambia atazame ile duara ya nje. Hiyo huhesabu saa tangu jua linapozama, kama Wacheki wa zamani walivyohesabu, na kama sisi tunavyosema saa moja ya usiku. Tofauti ni kwamba jua letu haliyumbi sana. Mwezi wa Desemba jua la Praha huzama saa kumi alasiri, na saa yao ya kwanza huanza hapo hapo, wakati huku kwetu wavuvi hawajashusha hata mtumbwi.