Moyo wa Mbwa Usisomwe kwa Kipimo cha Binadamu

Ndugu msomaji wa Malindi, Mji Mkongwe, ametuletea karatasi ndefu ya mistari pamoja na swali lililojaa wasiwasi. Mbwa wake wa ulinzi, mdogo wa kilo nane, mchangamfu na mlaji mzuri, alipimwa umeme wa moyo. Bwana mmoja aliyezoea karatasi za binadamu akaisoma, akasema moyo wapiga mara 60 tu kwa dakika, tena kwa kusitasita. Nyumbani sasa wanabishana: wamnunulie dawa za ghali, au wamuue asiteseke? Twamsihi asifanye lolote kati ya hayo.

Tuanze na mwendo wa karatasi. Ya binadamu kwa kawaida hupita milimita 25 kwa sekunde. Ya mbwa aghalabu hupitishwa kwa milimita 50, maana moyo wake ni mwepesi na mawimbi yangesongamana. Namba hiyo huandikwa ukingoni, na karatasi hii yasema 50. Baina ya kilele na kilele mna milimita 25 kwa wastani. Gawanya 3,000 kwa 25, utapata 120. Bwana yule aligawanya 1,500. Mbwa mdogo mzima huweza kufika hata 180, na mtoto wa mbwa 220.

Na kusitasita je? Mbwa aliyetulia anapovuta pumzi, moyo huharakisha, anapoishusha, hupunguza. Sisi pia tunayo hali hiyo, hasa watoto wetu, lakini kwa mbwa huonekana waziwazi. Mbwa wa wasasi wa nguruwe huko mashamba, aliyekomazwa na mbio, huweza kuwa nayo zaidi. Tazama kama kila wimbi kubwa limetanguliwa na lile dogo la kwanza. Hapa hakuna lililokosa. Wimbi la mwisho limeelekea chini, jambo ambalo kwa mtu lingemshtua daktari. Kwa mbwa laweza kwenda juu au chini naye akawa mzima.

Mbwa si mgeni katika elimu hii. Mwaka 1909 Augustus Waller alimwonyesha mbwa wake Jimmie mbele ya wataalamu wa Royal Society, London, miguu yake ikiwa ndani ya maji ya chumvi, hata Bungeni wakauliza kama mnyama yule hateswi!

Msomaji aweza kujihakikishia mwenyewe. Aguse kwa vidole upande wa ndani wa paja la nyuma, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa nne. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi tusiogope: mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauhamishi najisi. Halafu amkimbize uani kidogo, ahesabu tena. Mapigo yakienda mbio na kulingana, ile hali ya pumzi imejitenga, kama ipasavyo.

Bali akizimia, akikohoa usiku, akivimba tumbo, au akihema hali amelala, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi yake. Na mwenye kumpeleka aonyeshe ile namba ya ukingoni kabla hajaulizwa.