Mikutano mikubwa ya Kongo: nani anatekeleza kinachoamuliwa?

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, maaskofu Wakatoliki wa CENCO na Waprotestanti wa ECC wanaomba Wakongomani waketi pamoja: serikali, upinzani, shirika la raia, hata wenye kubeba silaha. Mwezi wa pili walionana na raisi Félix Tshisekedi huko Kinshasa, kisha viongozi wa AFC/M23 huko Goma. Wakaaji wengi wanauliza: mkutano mwingine wa nini?

Swali hilo lina msingi. Kongamano Kuu la Kitaifa lilifunguliwa Kinshasa mwezi wa nane 1991, na baadaye likaongozwa na Monsinyori Laurent Monsengwo. Serikali ilipolisimamisha, wakristo waliandamana tarehe 16 mwezi wa pili 1992, na wengine wakauawa. Kongamano likaanza tena na kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza. Lakini jeshi na banki kuu vilibaki mikononi mwa Mobutu. Mwanzo wa 1993 akamfukuza.

Sun City, huko Afrika ya Kusini, ilikuwa tofauti. Mazungumzo ya 2002 yalifikisha inchi kwenye serikali ya raisi mmoja na makamu wanne, katiba ya 2006 na uchaguzi. Kwa nini? Waliokuwa na majeshi walitia sahihi wenyewe, na mabalozi wa inchi za kigeni walifuatilia utekelezaji pamoja na MONUC. Lakini bei yake ilikuwa kubwa: wengine walijifunza kwamba bunduki inaleta cheo.

Goma, mwezi wa kwanza 2008, makundi mengi yenye silaha ya Kivu zote mbili yalitia sahihi kuacha vita. Kabla mwaka kuisha, CNDP na jeshi la serikali walikuwa wakipigana tena. Na mapatano ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2016, yaliyosimamiwa na CENCO, yalipanga uchaguzi kabla ya mwisho wa 2017. Ulifanyika mwisho wa 2018.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu viti vya mkutano ujao, ni vizuri kuuliza mambo matatu. Nani atalinda maamuzi? Pesa zitatoka wapi? Na asiyeheshimu sahihi yake atapata azabu gani? Watu wa Rutshuru na Masisi waliokimbia vita hawangojei hotuba. Wanangojea njia ya kurudi shambani.