Chapo ya nyumbani ni rahisi kwa sababu hamlipi anayeisukuma

Nimechoka na zile video za "wacha kununua, pika nyumbani, okoa pesa". Mnazijua. Jikoni kubwa kuliko keja yangu nzima, kaunta ya marumaru, mtu amevaa aproni nyeupe anakanda unga akitabasamu, halafu mwisho anakuambia vijana wa siku hizi wamesota kwa sababu wananunua chapo za kibanda. Bana. Mimi pia natengeneza video, najua hiyo taa iliyomulika unga iligharimu pesa ngapi. Leo tufanye hesabu, ile huwa wanaikata kabla ya kuposti.

Unga wa ngano, pakiti ya kilo mbili, duka la hapa kwetu: 170. Mafuta nusu lita: 140, kwa sababu chapo bila mafuta ni kadibodi. Gesi tuseme 50, maana meko itawaka zaidi ya saa moja. Jumla 360. Huo unga, ukisukuma saizi ya kawaida, unatoa chapo kama 28. Kwa hivyo moja inakusimamia karibu 13 bob. Mama wa kona anauza 20. Umeokoa 7 bob kwa chapo moja.

Saba! Na hapo ni kama umepika zote 28. Sasa wewe unaishi bedsita peke yako, huna friji, 28 unakula na nani? Pika za nusu kilo basi, upate chapo saba, uokoe 49 bob. Kwa hiyo 49 umekanda dakika ishirini, umeacha unga utulie nusu saa, umekata madonge, umepaka mafuta ukaviringa, umesukuma na chupa ya soda kwa sababu nani ana kibao kwa bedsita, umepika moja moja ukikohoa moshi wa mafuta, halafu umeosha sufuria na kufagia unga chini ya kitanda. Ndiyo, chini ya kitanda. Meko na kitanda vinatazamana, mnafikiri unga utaenda wapi?

Najua jibu lenu: "Lakini si muda unao?" Hapo sasa ndipo vita yangu ilipo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hiyo siku, familia nzima iliamua muda wangu ni wa bure. Wageni wakiwa wanakuja Jumapili, simu inapigwa Ijumaa: "Wewe si uko tu, kuja utusaidie na chapo." Niko tu! Video nne kwa wiki, kuandika, kurekodi, kuhariri usiku wakati bando ni za bei nafuu, lakini niko tu. Ndugu yangu wa kiume hana kazi pia. Yeye akikosa kazi, anasemwa "anatafuta". Mimi nikikosa, naitwa kukanda.

Kwa hiyo hiyo hesabu yenu ya kuokoa pesa inafanya kazi vizuri sana, mradi kuna mtu mmoja ameandikwa sufuri. Mara nyingi ni mathe. Kama si mathe ni dada mkubwa, ama msichana wa kazi, ama yule binti wa shangazi aliyemaliza Form Four anangojea matokeo. Masaa matatu ya mgongo wake hayako kwa risiti, ndiyo maana chapo ikaonekana ya 13 bob.

Na msinianzie ile hadithi ya kuolewa, eti chapo ikitoka duara uko tayari, ikitoka ramani ya Sudan rudi ufunzwe. Angalia vibanda vya mtaani mwenu. Nani anasukuma? Wengi ni wanaume! Nenda Kampala, uone zile rolex, chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Vijana wa kiume wamesimama kando ya barabara asubuhi hadi usiku, mikono inaruka, chapati duara kabisa. Kumbe mikono ya wanaume inajua kusukuma. Inajua tu vizuri zaidi kukiwa na malipo. Hicho kipaji hupotelea wapi wakifika nyumbani?

Halafu kuna kitu kingine kinanishangaza. Juni 2024 serikali ilitaka kuweka VAT ya 16% kwa mkate. Tukapiga kelele, ikaondolewa kwa mswada. Sikusikia mtu akisema basi kila nyumba ijioshe mikono ioke mkate wake. Mkate wa kiwandani kuununua ni kawaida. Ukinunua chapo ya mama wa kona, wewe ni mvivu, unaharibu pesa. Ni ngano ileile jamani.

Watu wa Pwani hawana hizi drama. Mombasa asubuhi mtoto anatumwa kwa jirani akalete mahamri na mbaazi, na hakuna anayemuuliza mamake kama anajua kupika. Vibibi pia, ile mikate laini ya mchele na tui yenye vitundu vitundu juu, binamu ya zile crumpets za Waingereza, kuna mama anavipika na mtaa unanunua. Yeye ndiye mwenye mkono. Kwa nini nyumba kumi ziloweke mchele mara kumi?

Ndiyo maana hata sisemi mwende supa mkabebe zile za pakiti zilizoganda. Nimezionja. Ukizipasha zinarudi kuwa ngumu kabla hujamaliza kuchota madondo, na bei iko juu ya mama wa kona. Naongea juu ya mama mwenyewe. Jiko lake halizimwi, kaango lake halipoi, ananunua unga kwa jumla, na kwa saa moja anatoa chapo ambazo mimi ningetoa jioni nzima. Ile 7 bob unayotaka kumnyima ndiyo mshahara wake. Ni mtu wa kwanza kwa hii hadithi yote anayelipwa kwa kusukuma chapo, na ndiye mmeamua kususia!

Sikatai chapo za nyumbani. Krismasi, watu ishirini, mmoja anakanda, mwingine anakata madonge, wajomba wanasukuma, watoto wanapaka mafuta, hiyo ni raha na hakuna kibanda kinaweza kuishinda. Lakini hapo kila anayekula amegusa unga. Wale wanaokuja saa nane na simu mkononi wakiuliza "bado?", hao wakanunue.

Jumapili ijayo wakinipigia, nina bei. Unga, mafuta na gesi ni juu yao, kusukuma na kupika ni 10 bob kwa chapo. Wataniambia hiyo sasa inafika 23, kwamba ni ghali kuliko kibanda. Sawa kabisa. Kibanda kinafunguliwa saa kumi na mbili.